Uzoefu wangu na Toyota GR86 ya Tamiya skeli 1/24, kwa mtu mzima anayeanza kabisa

Wakuu, kwa wale mnaotamani kuunda modeli za magari ila mnajiuliza kama mtu mzima ambaye hajawahi kushika hata moja anaweza, jibu langu ni anaweza tena vizuri tu, lakini seti ya kwanza utakayonunua (yaani boksi la vipande vya plastiki unavyokata na kuunganisha mwenyewe) ndo itaamua kama utafika ya pili au utaweka boksi juu ya kabati na habari ikaishia hapo. Mi nilianza na Toyota GR86 ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya modeli, na mpaka leo nalishukuru hilo chaguo.

Kwanza tuelewane kwenye saizi. 1/24 maana yake gari halisi limepunguzwa mara 24, GR86 yenyewe ina urefu wa mita 4.265 kwa hiyo modeli inatoka kama sentimita 17.8 hivi, unaishika kwa mkono mmoja na bado dashibodi na viti vinaonekana vizuri. Wajapani kama Tamiya, Hasegawa na Aoshima magari yao mengi ni 1/24, ukikuta 1/25 mara nyingi ni seti za Kimarekani kama AMT. Ukiziweka pamoja kabatini tofauti wala huioni sana.

Kilichonifanya niisifie hii seti kwa anayeanza ni kwamba haina injini. Boneti haifunguki, na najua kuna watu watasema sa hilo gari gani, lakini niamini, kwenye gari la kwanza injini ni vipande vingi ambavyo vitakuchosha kabla hujafika kwenye bodi, yaani gamba la nje la gari, na bodi ndo kitu ambacho kila mtu ataangalia. Vipande vinakaa sawasawa, unajaribisha kavu bila gundi unaona vimeshikana vyenyewe. Niliwahi kununua seti nyingine ya bei ya chini, ya kampuni ambayo siitaji, aisee plastiki ya ziada imejaa kwenye kingo, sakafu haiingii kwenye bodi mpaka usugue, stika zake, zile za kuloweka kwenye maji kabla ya kubandika, zimekuwa za njano na zinapasuka ukiziweka tu kwenye maji. Mtu akianzia na kitu kama kile atadhani tatizo ni mikono yake, wakati tatizo limetoka kiwandani.

Vifaa havihitaji mambo mengi. Plaizi ndogo ya kukatia yenye upande bapa, kisu chembamba cha kubadilisha wembe, msasa laini kuanzia namba 600 kwenda juu, kibano, masking tepu (tepu ya kuzibia sehemu usiyotaka ipate rangi), basi. Ukikata kipande kwenye fremu ya plastiki inayovishikilia vipande usikate karibu kabisa mara ya kwanza, acha kidogo, alafu urudie kumalizia, ukikata moja kwa moja plastiki inavutika na kuacha alama nyeupe ambayo itaonekana mpaka chini ya rangi.

Gundi sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Natumia Tamiya Extra Thin, ile chupa ya mililita 40 yenye kifuniko cha kijani na brashi nyembamba ndani. Hii haifanyi kazi kama gundi za kawaida, yenyewe inayeyusha plastiki. Unashika vipande viwili vikiwa vimeshakutana, unagusisha ncha ya brashi kwenye mstari wa maungio, na unaiona kabisa inakimbia yenyewe kufuata ule mstari mpaka mwisho, sekunde chache vimeshika na baadaye vinakuwa kama kipande kimoja. Ila kwa sababu inayeyusha, isiguse bodi wala vioo, na kidole chako kikikaa juu ya maungio yenye unyevu alama za kidole zinabaki pale. Supa gluu nayo iwe mbali na vioo maana mvuke wake unaacha ukungu mweupe, kwenye vioo na taa tumia gundi nyeupe ya maji, ikikauka inakuwa haina rangi.

Kitu ambacho kitabu cha maelekezo hakikuambii ni mpangilio wa kazi. Kitabu kinaanzia chasisi na suspensheni, mi nasema anza na bodi. Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo kuondoa mafuta ya kiwandani, sugua ile mistari myembamba inayoachwa na moldi (kalibu ya kiwandani), piga praima, yaani rangi ya chini ya kushikilia, piga rangi, alafu iache ikauke huku unaendelea na chasisi na ndani. Ukifuata kitabu utamaliza kila kitu alafu ukae unaisubiri bodi, na mtu akiwa na hamu ya kumaliza ndo anaishika rangi mbichi.

Na kwenye rangi wala usikimbilie eabrashi (kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa) na kompresa, kopo la sprei linatosha kabisa. Mi bodi nilipiga praima ya kijivu, ikafuata sprei ya Tamiya TS-50 ya bluu yenye metaliki, juu yake TS-13 ambayo ni klia, yaani koti la kung'arisha lisilo na rangi. Zingatia hizo herufi, TS ni za plastiki ya modeli hizi, PS ni za bodi za polikabonati za magari ya rimoti, makopo yanafanana na dukani yanakaa pamoja. Weka kopo kwenye maji ya vuguvugu kidogo kabla ya kupuliza (maji tu, moto hapana kabisa), tikisa sana, kaa umbali wa sentimita 20 mpaka 30, koti nyepesi nyepesi, anza kupuliza nje ya bodi na umalizie nje ya bodi. Ukipuliza kwa mbali sana rangi inafika imeshaanza kukauka na inatoka kama ganda la chungwa. Kujua kama imekauka kweli inusie karibu, kama bado ina harufu ya rangi iache, usiibandike tepu. Na tafadhali hewa iwepo ya kutosha na barakoa yenye filta ya mvuke, ile ya kitambaa haizuii kitu, hizi rangi ni kali.

Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni kupaka rangi ule mstari mweusi unaoonekana kama mpira wa kuzunguka vioo. Kwenye boksi kuna stika za kuzibia vioo wakati wa kupaka rangi na zinasaidia sana, lakini kwenye bodi kuna zile kingo nyembamba ambazo lazima uzibe kwa tepu mwenyewe, upande mmoja baada ya mwingine, unabonyeza ukingo wa tepu kwa tuthipiki ili rangi isipenye chini. Nilitumia rangi ya Tamiya X-18, nyeusi isiyong'aa sana. Bila huo mstari gari linabaki linafanana na la kuchezea, ukiweka tu linabadilika palepale, vioo vinaonekana vimefungwa kweli.

Lawama yangu moja kwa seti za aina hii ni kwamba rangi na gundi havimo kwenye boksi, na kitabu kinakutajia rangi kwa namba, kwa hiyo kabla hujalipa angalia orodha ya namba uzichukue zote, la sivyo utasimama katikati ya kazi kwa sababu ya kichupa kimoja cha kupaka viti. Ukikosa baadhi ya rangi usiache gari, nyeusi isiyong'aa ya XF-1 na kijivu kimoja cha kukoza vinamaliza sehemu kubwa ya ndani na chini.

Sasa hivi natafuta yenye injini, 1/24 vilevile, nataka nijaribu kuvuta waya za plagi mwenyewe. Mwenye uzoefu na unene wa waya unaofaa kwa hiyo skeli anisaidie.