Tristan Murail: Gondwana au Désintégrations?

Mtunzi wa muziki Tristan Murail, aliyezaliwa Le Havre, Ufaransa, mwaka 1947 na kufundishwa na mtunzi Olivier Messiaen jijini Paris, hujenga muziki wake kutokana na sauti ndogo ndogo zilizomo ndani ya kila sauti. Katika Gondwana (1980), okestra peke yake huiga mlio wa kengele kubwa, nao mlio huo hugeuka polepole hadi ukafanana na wa tarumbeta, bila msikilizaji kutambua ulipogeukia. Désintégrations (1983) huwaunganisha wapigaji 17 na sauti zilizotengenezwa kwa kompyuta katika IRCAM, taasisi ya utafiti wa muziki jijini Paris, hivyo kiongozi wao hulazimika kuufuata mwendo wa sauti hizo usiomsubiri. Hii ya pili ina rangi nyingi zaidi. Hata hivyo, mgeni wa muziki huu ningempa kwanza Gondwana.