Spreyi ya Pua ya Aleji: Ipi Ununue Nairobi

Oktoba, jakaranda zinapomwaga maua na vumbi la Eastlands bado linangoja mvua, pua yangu huziba usiku kucha. Mwaka mmoja niliingia kemisti mjini nikaomba dawa ya kuzibua pua, nikapewa zailometazolini bila maelezo. Ilizibua papo hapo. Wiki tatu baadaye pua ilikuwa haifunguki bila hiyo dawa. Hiyo si steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya pua, ambayo ndiyo ninayolinganisha hapa; tena haifai kuzidi siku saba, kwa hivyo siihesabu. Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi kabla ya kulipa.

Chaguo langu la kwanza ni mometasoni: inapulizwa mara moja kwa siku, na inayoingia kwenye damu ni chini ya asilimia 1. Ya pili ni flutikasoni furoeti, inayouzwa kama Avamys. Ukungu wake ni mwepesi na hauna harufu, kwa hivyo anayechukia spreyi aanze na hii. Ya tatu ni flutikasoni propioneti, kama Flixonase. Inafanya kazi vizuri tu, ila ina harufu ya maua ambayo wengine hawaipendi. Ya nne ni beklometasoni, ya zamani kuliko hizo, ambayo kwa kawaida hupulizwa mara mbili kwa siku na huingia zaidi mwilini.

Lakini ukiwa unatumia ARV zenye ritonaviri au kobisistati, orodha inapinduka. Dawa hizo huzuia ini lisivunje steroidi, na flutikasoni ya puani inaweza kulimbikizana mpaka uso uvimbe na tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi za mwili wenyewe, zilegee. Hapo beklometasoni ndiyo ya kwanza, baada ya kuongea na kliniki yako. Mwambie mfamasia, hata kama ni kwa kumnong'oneza. Mjamzito naye aulizie budesonidi, steroidi nyingine ya puani iliyochunguzwa zaidi kwa waja wazito.

Kupuliza kuna ufundi, na mimi niliujua baada ya kutokwa damu mara kadhaa. Nilikuwa naelekeza spreyi kwenye ukuta wa katikati ya pua. Penga kamasi, tikisa chupa, inamisha kichwa mbele kidogo. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia, ukielekeza upande wa sikio. Vuta pumzi polepole. Ukiionja kooni, umevuta kwa nguvu mno.

Usiihukumu siku ya kwanza. Nafuu kamili huweza kuchukua wiki mbili. Mtu mzima kwa kawaida huanza na mipulizo miwili kila tundu, akitulia anapunguza hadi mmoja. Mwenye glakoma (presha ya macho) au mtoto wa jicho amwone daktari kwanza, na mtoto anayeitumia kwa miezi apimwe urefu.

Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Ya mipulizo 120, kwa minne kila siku, ni ya siku 30. Ikizidi mipulizo hiyo, hata ikiendelea kutoa ukungu, kipimo chake hakiaminiki tena.