Munchkin: karata za kejeli zinazofaa kukaa kwenye barza zetu

Munchkin ni mchezo wa karata uliotungwa na Steve Jackson, Mmarekani wa Austin, Texas, ukachorwa na John Kovalic na kutolewa mwaka 2001. Ninauhakiki kwa wasomaji wa Unguja na Pemba kwa sababu sijaona mchezo mwengine wa kutoka nje unaokaa vizuri kiasi hiki kwenye barza zetu, na wakati huohuo wengi wanaoucheza wanauelewa nusu. Wanauchukua kuwa ni mchezo wa kuhujumiana tu. Kuhujumiana kumo, tena kwingi, lakini msingi wake ni kejeli iliyoelekezwa kwa watu maalumu, na anayewajua watu hao hupata ladha ambayo wengine inawapita.

Wanaokejeliwa ni wapenzi wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ambayo kwetu bado haina wafuasi wengi. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu vilivyochapishwa na kampuni ya TSR ya mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Katika mchezo huo mtu mmoja huwa msimulizi: yeye ndiye anayeijua ramani ya mapango, anayesema kuna nini nyuma ya mlango na anayekata shauri panapotokea ubishi. Wenziwe kila mmoja humwigiza mhusika wake, awe shujaa, mchawi, kuhani au mwizi, na dadu huamua kama upanga umepata au umekosa. Hakuna mshindi; kundi zima hushirikiana, na wahusika hupanda daraja kwa kadiri wanavyoua mazimwi na kukusanya hazina. Katika mpango huo wa kupanda madaraja ndipo alipochipuka mchezaji ambaye hadithi haimshughulishi wala wenziwe hawamshughulishi, anayetaka daraja, silaha na dhahabu peke yake, na aliye tayari kubishana na msimulizi usiku kucha juu ya neno moja la kanuni ili apate nukta moja ya ziada. Huyo ndiye anayechorwa na mchezo wa Munchkin, na hafichwi hata kidogo.

Jackson hakuiandika kejeli hii akiwa mpita njia. Amekulia ndani ya ushindani wa fani hiyo, na ushindani wenyewe ulianza mapema sana. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya Dungeons & Dragons kutoka, Ken St. Andre wa Phoenix, Arizona, aliziona kanuni zake zina utata mno, akatunga mchezo wake mwenyewe, Tunnels & Trolls, uliokuwa mwepesi na uliojaa mizaha hata katika majina ya uganga wake. Mwaka 1979 Arneson alifikishana mahakamani na TSR kwa ajili ya mrabaha, na shauri lile likamalizwa kwa maafikiano mwaka 1981. Jackson naye alitunga Melee mwaka 1977 na Wizard mwaka 1978 kwa kampuni nyengine ya Texas, kisha akaanzisha ya kwake mwaka 1980, na mwaka 1986 akatoa GURPS, mfumo mpana wa kuigiza wahusika wa zama na ulimwengu wowote. Kwa hiyo alikuwa mshindani wa Dungeons & Dragons kwa miaka mingi kabla ya kuigeuza kuwa mzaha, na alijua barabara mahali pa kudunga sindano.

Wakati nao ulimsaidia. TSR ilinunuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1997, na mwaka 2000 likatoka toleo la tatu la Dungeons & Dragons pamoja na leseni iliyowaruhusu wachapishaji wengine kuitumia misingi ya kanuni zake. Mara moja soko likajaa vitabu vya silaha mpya, uganga mpya na njia mpya za kujiongezea nguvu. Mwaka uliofuata Munchkin ikatoka, karata 168 na dadu moja, ikawaambia wachezaji wale waziwazi kwamba ikiwa wanachotaka ni kuua zimwi, kuchukua mali na kumsaliti rafiki, basi wachukue hayo matatu na kuiacha hadithi.

Sasa nizieleze karata zenyewe, maana utamu wote umo humo. Zimegawika mafungu mawili: za milango na za hazina. Kila mmoja huanza akiwa binadamu wa daraja la kwanza, kisha karata zaweza kumfanya shujaa, mwizi au mbilikimo, na wa kwanza kufika daraja la kumi ndiye mshindi. Zamu yako ikifika unaupiga teke mlango, yaani unafunua karata ya juu ya fungu la milango. Ukikuta zimwi unapigana nalo, na ukikuta apizo linakupata papo hapo. Zimwi hushindwa ikiwa jumla ya daraja lako na vifaa vyako inapita nguvu yake. Zikiwa sawasawa umeshindwa, isipokuwa ukiwa shujaa. Usipoliweza unakimbia, na dadu lazima lioneshe tano au sita, vyenginevyo unapatwa na balaa lililoandikwa kwenye karata.

Kejeli imo katika namna ya kupanda madaraja. Iko karata inayokupandisha daraja kwa kumlalamikia msimulizi, ijapokuwa mchezo huu hauna msimulizi; kanuni yake inasema aliye juu ya wenziwe wote haruhusiwi kuitumia, kwa kuwa mlalamishi siku zote ni yule aliyebaki nyuma. Iko ya kumhonga msimulizi kwa chakula, iko ya kosa la hesabu lililokuja kwa manufaa, na iko ya kuchimbua kanuni isiyojulikana na mtu. Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kuchemsha kichuguu. Katika michezo ile ya kuigiza kila kiumbe unachokiua kina alama zake, basi karata inamwonesha mchezaji aliyepiga hesabu kwamba sisimizi nao ni viumbe, akamwaga maji ya moto na kudai daraja lake. Mzaha mmoja, karata moja, na ndani yake umo uhakiki kamili wa kanuni ya mtu mwengine. Mtunzi aliyeweza hivyo anastahili heshima.

Mazimwi nayo yamechorwa kwa ustadi huohuo. Kuna mawakili wasiomshambulia mchezaji aliye mwizi kwa sababu ya heshima baina ya wenye kazi moja, na mzaha huu sijapata kuona ukihitaji maelezo hapa kwetu. Kuna kundi la maadui 3,872 lenye chuki ya kale dhidi ya mbilikimo wa migodini, na ukiwa mbilikimo linakuongezea nguvu sita. Kuna mti uliomo ndani ya chungu, zimwi la daraja la kwanza, ambalo mtu yeyote anaweza kulikimbia. Kuna apizo la bata: karata inakukaripia kwamba ulipaswa kujua kuwa bata haokotwi ndani ya pango, kisha inakunyang'anya madaraja mawili. Na kuna kibanda cha bustani, cha aina ya kile cha Forodhani kilichojengwa kwa ajili ya bendi, ambacho hapa ni zimwi la daraja la nane linalomlazimu mchezaji kulikabili peke yake bila msaada. Anayeshangaa zimwi gani hilo na ajue kwamba asili yake ni kisa mashuhuri cha fani hiyo, cha mchezaji ambaye msimulizi alimtajia kibanda cha bustani, naye, kwa kutolijua neno, akadhani ni mnyama, akakitumia salamu, kisha akakitupia mshale.

Jambo linaloutenga mchezo huu na karata zetu ni suala la msaada. Katika wahidi wa sitini unamjua mwenzako tangu karata zinapogawiwa, na uaminifu wenu hauna mjadala. Katika Munchkin mwenzako ni wa pigano moja tu, na lazima umnunue. Zimwi likikuzidi unaomba msaada wa mtu mmoja, naye anataja bei yake kwa hazina. Na wakati mnapatana, wengine wote wanaruhusiwa kulitia zimwi nguvu, kulikaribisha jengine, au kukumwagia dawa ya kukudhoofisha. Ukiwa mwizi unaweza kumchoma mgongoni hata yule aliye katikati ya vita. Ukifa, wenzako wanagawana vifaa vyako huku ukitazama. Nimemsikia kijana akimwambia mkubwa wake, «Ami, nipe hazina mbili, nami nimekuja na panga langu,» na mkubwa akamjibu, «Mwanangu, moja, na shukuru,» huku mtu wa tatu tayari ameishika karata ya kuwaharibia wote wawili. Upatanaji huo ndio moyo wa mchezo, na watu wetu wanaujua tangu utotoni.

Kijitabu cha kanuni nacho hakijaachwa nyuma. Kinaagiza kwamba mchezaji wa kwanza apatikane kwa kutupa dadu na kubishana juu ya matokeo, na juu ya maana ya sentensi hiyohiyo, na kama neno lililosahauliwa ndani yake lina athari yoyote. Na kweli neno limesahauliwa. Ubishi wa kanuni unamalizwa kwa makelele, na kauli ya mwisho ni ya mwenye mchezo. Wanaojua jinsi wapenzi wa Dungeons & Dragons walivyogombana toleo la nne lilipotoka mwaka 2008, hata waliolikataa wakaifuata kampuni ya Paizo na mchezo wake wa Pathfinder wa mwaka 2009, au zogo la Januari 2023 pale Wizards of the Coast ilipotaka kuibadilisha leseni ya mwaka 2000 kisha ikarudi nyuma, wataiona kanuni hiyo kuwa ni picha halisi ya fani nzima.

Mwenye kujua utamaduni wetu hatapata tabu kuielewa hali hii. Visiwa vyetu vimeona wapenzi wa vikundi vya taarab wakishindana kwa vijembe vilivyotungwa kwa ustadi, na hapana aliyewahi kukisifu kijembe kilichotoka kwa mtu asiyeijua taarab. Munchkin ina sifa hiyo: inakejeli mambo ambayo mtunzi wake anayajua na anayapenda. Kwa hiyo haina ubaya wa moyo, na hata yule mchezaji mroho wa madaraja akiisoma karata inayomhusu hucheka wa mwanzo.

Nikija kwenye kasoro, kubwa ni lugha. Karata zote nilizozitumia ni za Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni cha mizaha na mikato, kiasi kwamba mwanafunzi anayefanya vizuri skuli anaweza kusoma kila neno asione kilichochekesha. Dawa yake ni kuwa na mtu mmoja anayeijua michezo ya kuigiza, akazieleza karata zinapofunuliwa. Bila mtu huyo kundi litacheza, litahujumiana na litafurahi, lakini litakuwa limeuacha mchezo wenyewe ndani ya sanduku.

Kasoro ya pili ni mwisho wake. Daraja la kumi, isipokuwa kwa karata chache, halipatikani ila kwa kuua zimwi. Haliuzwi kwa dhahabu kama madaraja mengine, ambayo unayapata kwa kuuza vifaa vya thamani ya elfu moja. Kwa hiyo anayefika la tisa huandamwa na wote, zimwi lake huongezwa nguvu mpaka limshinde, kisha wa pili naye afanyiwe vivyo hivyo, na mchezo ulioandikiwa saa moja au mbili unajiburuta mpaka watu waishiwe karata za hujuma. Mara nyingi anayeshinda ni yule aliyekuja baada ya silaha za wenziwe kumalizika, na ustadi unakuwa na nafasi ndogo kuliko inavyostahili. Anayetoka kwenye bao, ambako kila kete ina hesabu yake, ataliona hili kuwa ni upungufu, na hatakuwa amekosea.

La tatu linahusu familia. Zimo karata chache zenye mizaha ya mwili, na lipo apizo la kumgeuza mhusika jinsia, ambazo hazifai kufunuliwa mbele ya wazee na watoto waliokaa pamoja baada ya sala ya Isha. Nashauri zitolewe kabla ya kuanza. Mchezo hauna hesabu inayovurugika kwa kutolewa karata kadhaa, na kejeli yake bora, ile ya kuchemsha kichuguu na ya mawakili, haimvunjii mtu heshima.

Sanduku la msingi linatosha wachezaji watatu hadi sita wenye umri wa miaka kumi na kuendelea. Watatu ni wachache, kwani wawili wakishirikiana anabaki mmoja wa kuhujumu. Wanne au watano ndio idadi iliyo nzuri. Karata ni za karatasi ngumu yenye ubora wa kuridhisha, lakini unyevu wa masika huzipinda, basi anayenunua na anunue pamoja nazo vifuko vya plastiki vya kuzivalisha. Yapo masanduku mengi ya nyongeza na ya mandhari nyengine, likiwemo la anga za juu la mwaka 2002, na muuzaji atakushawishi uyachukue mawili kwa pamoja. Chukua la msingi peke yake. Nyongeza hurefusha ule mwisho ambao tayari ni mrefu, na mizaha yake inahitaji mtu aliyekwishaizoea ile ya kwanza.