Huduma ya usafi wa sakafu: jiko limetakata, terazo imeponea chupuchupu

Mwezi uliopita niliita kampuni ndogo ya usafi ije kusafisha sakafu za nyumba yetu ya zamani jijini Tanga, ambayo sebule yake ina terazo (saruji iliyochanganywa na chembe za mawe, kisha ikasuguliwa hadi ikang'aa), jiko lina vigae na vyumba vya uani vina saruji nyekundu.

Kuhusu vigae sina lawama, kwani maungio yaliyokuwa meusi kwa mafuta yalisuguliwa kwa brashi ngumu na maji ya moto yenye sabuni hadi rangi yake ya kijivu ikaonekana tena. Tatizo lilizuka sebuleni. Kijana mmoja alimimina dawa ya kusafishia choo yenye asidi, na papo hapo povu likaanza kuchemka juu ya chembe nyeupe. Chembe za terazo aghalabu ni marumaru, ambayo ni jamii moja na chokaa, hivyo asidi huila na kuififisha. Tulimwaga maji mengi, lakini limebaki doa la ukubwa wa sahani ambalo haling'ai hata jua la asubuhi linapoingia. Siki na ndimu, ambazo wengi huzisifu mno, hudhuru vivyo hivyo. Terazo hutaka sabuni isiyo kali na tambara lililokamuliwa vizuri, basi.

Msimamizi, sina budi kukiri, aliomba radhi na kunipunguzia bei. Saruji waliipaka nta nyembamba, wakaing'arisha kwa kitambaa kikavu bila kuiacha ikiteleza. Nitawaita tena kwa ajili ya jiko na uani, ila sebule nitaipiga deki mwenyewe.