Mosh ndani ya basi la Arusha

Mashine ya mama ya kutotolesha vifaranga iko Marangu. Mimi nafanya kazi Moshi mjini, na kila Alhamisi napanda basi kwenda Arusha. Joto la mashine linasimamiwa na Raspberry Pi, kompyuta ndogo, ambayo muda wote imeshikilia njia ya SSH (njia salama ya kuamuru kompyuta iliyo mbali) hadi kwenye seva ndogo niliyokodi mtandaoni. Naingia kwenye seva kwa Termux, programu ya simu ya kuandikia amri, na kutokea humo naingia Marangu.

Nikiwa nimekaa sehemu moja, SSH peke yake inatosha kabisa. Garini ni mateso. Ukipita Bomang'ombe mtandao unayumba, skrini inaganda. Mayai yakiwa na siku kumi na nane, mama akapiga: "Mwanangu, inaandika thelathini na tisa na bado inapanda." Inatakiwa iwe 37.5 hivi. Niliingia mara nne, mara nne ikakatika. Ikabidi mama akafungue mlango wa mashine kwa mkono.

Wiki hiyohiyo nikaweka Mosh. Ni programu ya bure ya kuingilia kompyuta ya mbali, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2012. Inaingia kwa SSH ileile na ufunguo uleule, kisha inahamia UDP, njia ya kutuma data isiyohitaji muunganisho wa kudumu kama TCP inayotumiwa na SSH, na hapo haijali simu ikibadilisha anwani wala mtandao ukipotea. Ukipotea, juu ya skrini inakuhesabia sekunde tangu seva isikike mara ya mwisho. Ukirudi, unaendelea na amri palepale ulipoiachia. Mtandao ukiwa mzito, herufi unazoandika zinatokea papo hapo zikiwa na mstari chini, mpaka seva ijibu. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote: sibonyezi tena gizani.

Kwenye Termux andika `pkg install mosh`, kwenye seva `sudo apt install mosh`, kisha kwenye ulinzi wa seva (firewall) fungua milango ya mtandao (ports) 60000 hadi 61000 ya UDP. UDP, jamani! Mimi nilifungua ya TCP, jioni nzima ikaishia kwenye ujumbe kwamba hakuna kilichopokelewa.

Kasoro ninayoisikia ni moja: huwezi kurudi juu kusoma mistari iliyopita, kwa hiyo ndani yake nawasha tmux, programu inayotunza mistari hiyo. Faili nazihamisha kwa scp, amri ya kunakili faili kupitia SSH, kama zamani.

Alhamisi iliyopita nilishusha joto nusu nyuzi nikiwa Kikatiti, mama yuko kwenye migomba. Hakuwa na haja ya kupiga simu.