Lenzi ya Canon TS-E 24mm mbele ya maghorofa ya zege ya Belgrade: uzoefu wangu

Nilikodi lenzi hii kwa siku tatu nikavuka nayo mto Sava jijini Belgrade, Serbia, hadi Novi Beograd, mji ambao Yugoslavia ya Tito iliujenga juu ya ardhi iliyokuwa kinamasi. Nilikuwa nimechoka kuona kila ghorofa ninalopiga picha linalala chali mara tu ninapoinua kamera.

Ugonjwa huo lenzi inautibu. Kamera unaiacha imetulia sawasawa juu ya tripodi, unazungusha kitufe cha ubavuni, na lenzi yenyewe inapanda hadi milimita 12. Jengo linaingia lote, kuta zikiwa wima. Nilianza na mnara wa Genex alioubuni Mihajlo Mitrović: minara miwili, mmoja wa ofisi na mwingine wa makazi, iliyoungwa na daraja huko juu. Kwa lenzi yangu ya kawaida huinamiana kama walevi wawili wanaoshikana mabega. Safari hii ilisimama, na ule uwazi wa katikati ukawa lango kweli. Watu wa huko huuita Lango la Magharibi.

Mwenye haraka asiiguse. Fokasi ni ya mkono tu, na picha moja ilinila dakika kumi. Mwanga upimwe kabla ya kupandisha lenzi, maana ikishapanda, kamera yenye kioo ndani kama yangu hukosea vipimo. Kijitabu cha maelekezo kinalisema hilo. Mimi sikukisoma, na asubuhi nzima ya kwanza ikaenda na maji.

Kilichonishangaza ni Rudo, upande wa pili wa mji: minara mitatu, kila mmoja ukipanda kwa vipande kama ngazi, ya mwaka 1976, kazi ya Vera Ćirković. Nilinyoosha kila kitu hadi mwisho, na vilele vikaonekana vimevimba, vizito kuliko miguu. Jicho limezoea kuona kitu kirefu kikipungua kadiri kinavyopanda. Ukilinyima hilo, linakataa. Nilishusha lenzi milimita mbili, nikainua kamera kidogo, minara ikapumua. Tangu hapo sinyooshi tena kwa asilimia mia.

Usiitarajie ikuokoe na mwanga mbaya. Chini ya mawingu mazito zege linakuwa uji wa kijivu, lenzi iwe ya bei gani. Subiri jua la jioni linalopita ubavuni, ndipo michirizi ya mvua na mikunjo ya kuta inapojitokeza, pamoja na nguo zilizoanikwa. Humo wanaishi watu, kwa hiyo madirisha ya chini niliyaacha.

Kununua, hapana, kwa jinsi ninavyosafiri mara chache. Kuikodi tena, ndiyo, nikienda Skopje, Makedonia Kaskazini, kwa ajili ya jengo la posta la Janko Konstantinov. Nitabeba na ngazi fupi, maana magari yaliyoegeshwa mbele ya majengo haya hakuna lenzi inayoyaondoa.