Dashibodi ilisema nimeokoa mafuta, pampu ikakataa

Nianze na hukumu, mwenye haraka asipoteze muda wake: fundi akikuahidi gari lenye nguvu zaidi na linalokula mafuta kidogo, kisha ukimwomba ushahidi akakuelekeza kwenye dashibodi, chukua ufunguo wako uondoke. Mimi kazi hiyo nilifanyiwa miezi kadhaa iliyopita na hasira yangu haijapoa hata kidogo. Jina la gereji sitalitaja. Nitaeleza kilichofanyika, maana naamini si mimi peke yangu.

Gari langu ni la dizeli, lina tabo (ile inayoisukumia injini hewa zaidi), gia za mkono. Nilitaka vitu viwili kwa pamoja, na wale wanaosema haviwezekani wanakosea. Injini inayovuta vizuri ikiwa kwenye mizunguko ya chini inakuruhusu kuingiza gia ya juu mapema. Kwa mwendo uleule inazunguka polepole zaidi, msuguano wa ndani unapungua, na mafuta yanapungua. Ndiyo sababu watengenezaji wenyewe wamepunguza ukubwa wa injini na kuzifunga tabo. Kwa hiyo sikwenda pale kuomba muujiza. Fundi akasema ataiandika upya programu ya kompyuta ya injini, tena akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwishafanya hivyo kwa magari mengi.

Jioni nilipolichukua, kwa kweli lilinifurahisha kupita kiasi. Ukikanyaga tu, linaitika papo hapo. Mlima niliozoea kuupanda kwa gia ya tatu ukawa unapandika kwa ya nne, na injini wala haihemi. Kupita lori kukawa jambo la mara moja na limekwisha. Na dashibodi, ambayo siku zote ilikuwa ikiandika kama lita 6 na nusu kwa kilomita 100, ikaanza kuandika 5 na nusu. Niliwapigia watu simu kuwaeleza. Ningeandika mapitio haya wiki ile, mngesoma sifa tupu.

Ila mimi huandika mafuta kwenye daftari, tangu gari langu la kwanza. Njia ni ya kizamani: jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, rudisha kihesabu safari kwenye sifuri, endesha mpaka tangi likaribie kuisha, jaza tena kwenye pampu ileile, kisha gawanya lita ulizojaza kwa kilomita ulizokwenda, zidisha kwa 100. Nikapata lita 7 na kidogo. Nikasema labda ni furaha, labda mguu ulikuwa mzito. Nikaendesha kwa adabu, gia ya juu mapema, bila kukimbizana na mtu. Bado 7. Huku dashibodi imeshikilia 5 na nusu yake, haitikisiki. Tofauti ya lita moja na nusu haiwezi kuwa povu la kwenye tangi. Na juu ya hilo, nikaanza kuona kwenye kioo moshi mweusi kila nikikanyaga kwa nguvu, moshi ambao gari hili halikuwahi kuutoa.

Nikarudi gereji na daftari langu. Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu chuma kikiharibika hutengenezwa, dharau haitengenezwi.

Alilipokea daftari kwa mkono mmoja, akapeleka kidole chenye grisi juu ya ukurasa bila kusoma hata mstari mmoja, akanirudishia. "Bosi, haya ni makaratasi. Dashibodi haidanganyi." Nikamwambia pampu inasema jambo jingine. "Pampu zinaiba, hulijui hilo?" Nikamjibu kwamba pampu ni ileile niliyokuwa nikijazia kabla ya kazi yake, na kama inaiba basi iliniibia zamani na inaniibia sasa, kiwango kilekile, hesabu ya kabla na baada bado inasimama. Hapo akawageukia vijana wake, akacheka, nao wakacheka. "Wewe kazi yako kuendesha. Hesabu tuachie sisi."

Hakufungua boneti. Hakuchomeka kifaa chochote. Nikamwomba nakala ya programu ya awali na ile mpya aliyoandika, kwa sababu fundi anayefanya kazi hiyo kwa haki lazima aitunze ya kiwandani kabla hajagusa kitu. Akasema hizo ni siri za ofisi, akaenda kumsalimia mteja mwingine. Nilibaki nimesimama na daftari langu katikati ya gereji niliyoilipa kwa pesa yangu. Katika yote yaliyofuata, hakuna lililoniuma kama dakika ile.

Na yaliyofuata hayakuwa madogo. Muda si mrefu baadaye nilikuwa mlimani, familia ndani, mizigo nyuma, nimeshatoka upande wangu kulipita lori, na nguvu zikakatika. Zikakatika kabisa. Taa ya injini ikawaka, gari likaingia katika hali ya kujilinda, mizunguko haivuki 3,000 hata ukisukuma mguu hadi chini. Ikabidi nipunguze na kurudi nyuma ya lori huku gari la mbele likija linawasha taa. Nilifika kileleni kwa mwendo wa baiskeli. Mnisamehe nikisema wazi: mtu anayekufungia kitu kinachoweza kukuzimia gari ukiwa upande usio wako, halafu akakuficha kwamba kipo, hastahili kuitwa fundi.

Fundi wa pili ni mtu wa maneno machache. Akachomeka skana, akatazama presha ya mafuta kwenye reli, yaani bomba linalogawa mafuta kwenye nozeli za injini, akakuta namba za kawaida kabisa. Akaisoma programu ya kompyuta: ni ya kiwandani, haijaguswa hata herufi. Akakaa kimya kidogo, kisha akaacha kompyuta na kuanza kufuata nyaya kwa mkono. Nyuma ya injini, chini ya kifuniko cha plastiki, akatoa kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kiberiti, kimefungwa kati ya sensa ya presha na waya wake.

Alivyonieleza ndivyo ninavyowaeleza. Kwenye dizeli za kisasa mafuta hukaa kwenye reli moja kwa presha kubwa, kwenye magari mengi hufika hadi ba 2,000 na zaidi (ba ni kipimo cha presha). Sensa huiambia kompyuta presha kwa lugha ya volti, na kompyuta huamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Kile kisanduku hupunguza volti. Kompyuta inaona presha iko chini, inaiongeza. Presha halisi inapanda kupita ile inayoonekana, nozeli inafunguka kwa muda uleule, na mafuta yanayotoka ni mengi zaidi. Nguvu inapatikana, hilo ni kweli. Lakini namba ya ulaji kwenye dashibodi haitoki kwenye mita yoyote ya mafuta. Kompyuta huikokotoa kutokana na presha na muda wa nozeli. Ukiidanganya presha, umeidanganya na dashibodi. Injini inakunywa zaidi, namba inashuka. Hata skana ilipotoshwa, kwa sababu nayo inasoma kile kompyuta inachoamini.

Na ule mlima? Reli ina vali ya usalama. Presha ikivuka kikomo inafunguka na kurudisha mafuta kwenye tangi, nguvu inakufa hapohapo. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha kuungua, kwa hiyo nilikuwa nikilipia masizi. Masizi hayo yakalijaza chujio la ekzosi, na chujio likijaa, injini humwaga mafuta ya ziada ili kulipasha joto hadi karibu nyuzi 600 na kuyachoma. Mafuta juu ya mafuta.

Sasa rudini kwenye ile sentensi, "dashibodi haidanganyi." Kama alijua kisanduku kinafanya nini, ni mwizi aliyetumia gari langu mwenyewe kunithibitishia wizi wake. Kama hakujua, hana haki ya kufungua boneti ya mtu. Niliwaza labda alinunua vile visanduku kwa jumla akiamini alichoambiwa na aliyemuuzia, nikataka kumwonea huruma. Kisha nakumbuka aliniambia ataandika programu, akanitoza bei ya kuandika programu. Huruma inaisha.

Kwa upande wa pili, na hapa nataka kuwa mkweli, lengo langu lilifikiwa. Fundi wa pili alikataa kugusa nguvu kabla ya kurudisha gari kwenye hali yake. Akakuta mpira wa hewa kati ya tabo na intakula, kile kipoza hewa, una ufa, thamostati imekwama wazi kiasi kwamba injini haikuwa ikifikia joto lake, na kalipa moja ya breki za nyuma inabana tairi muda wote. Upepo wa matairi nao ulikuwa chini. Akayarekebisha hayo, akanitaka niendeshe na kuandika. Ulaji ukashuka hadi karibu 6 kabla hajaongeza nguvu hata chembe! Baada ya hapo ndipo akaiandika programu, kwa kiasi, akiweka kikomo cha mafuta kifuate hewa inayoingia ili moshi usirudi, na akanikabidhi nakala zote mbili bila kuombwa. Leo gari linavuta kuliko lilivyotoka kiwandani na daftari linasoma 6, mara nyingine chini kidogo. Kiasi gani cha hapo ni programu na kiasi gani ni thamostati, siwezi kutenganisha, na yeyote anayedai anaweza kutenganisha kwa gari lake bila kupima hatua kwa hatua simwamini.

Je, linavuta kama siku zile za kisanduku? Hapana. Pale katikati, kwenye gia ya nne, kisanduku kilikuwa na msukumo ambao bado naukumbuka, na kuna siku nikiwa nyuma ya lori nautamani. Lakini msukumo huo ulinyang'anywa kutoka kwenye pampu ya injini, nozeli na klachi, na vyote vitatu ni ghali.

Wenye magari ya petroli yasiyo na tabo, kwenu ahadi hizi zitazameni kwa ukali zaidi. Mkiwa mnaendesha kwa mwendo tulivu, sensa ya oksijeni huirudisha injini kwenye kilo kama 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, na programu mpya haina nafasi kubwa ya kuokoa hapo. Na vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi ya skana au sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, achaneni navyo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeshapitia vifaa zaidi ya 100 vilivyodaiwa kupunguza mafuta na vilivyoonyesha faida ni vichache mno, tena faida ndogo.

Gereji ya kwanza nilikuwa nimeiandikia nyota mbili, kwa ajili ya ule mvuto, na kwa kuwa nyaya zilifungwa kwa usafi. Nimeifuta moja. Pesa yangu haijarudishwa, na mara ya mwisho nilipopiga simu alipokea kijana wake, akasema bosi yuko nje. Kama nawe uliandikiwa "programu" na namba ya dashibodi ikashuka siku hiyohiyo, fungua boneti leo, tafuta sensa iliyo kwenye reli, ufuate waya wake hadi mwisho.